Masalia ya antibiotiki katika maziwa: kipimo kinaona nini, na mnunuzi aulize nini



Tumeombwa tuzungumze nanyi kuhusu vihisi vinavyotambua masalia ya antibiotiki katika chakula na maji. Baadhi ya watu huviita vifaa hivi sensa. Sisi tumechagua neno kihisi, kwa kuwa kwa Mtanzania sensa ni ile ya kuhesabiwa watu, kama tulivyohesabiwa Agosti 2022, na hatungependa mtu aondoke hapa akidhani tumekuja kuhesabu ng'ombe wake.

Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itahusu maziwa. Tumeyachagua kwa sababu mbili. Kwanza, maziwa ndiyo chakula ambacho vipimo vya aina hii vimeanza kutumika mapema na vimezoeleka zaidi. Pili, maziwa mengi yanayonywewa nchini mwetu hayapiti kiwandani kabisa: hukamuliwa alfajiri, hubebwa kwa baiskeli au bodaboda, na kabla ya saa nne asubuhi yako kwenye sufuria ya mama lishe au kikombe cha mtoto. Katika safari fupi namna hiyo, mtu wa kuuliza habari za dawa mara nyingi ni mnunuzi peke yake.

Tuanze na jinsi dawa inavyofika humo. Ng'ombe wa maziwa huugua ugonjwa wa kiwele. Kiwele huvimba na kuwa cha moto, na maziwa hutoka na madonge, pengine na damu. Tiba ya kawaida ni antibiotiki inayoingizwa kwa mrija mdogo kupitia tundu la chuchu, au sindano ya msuli, au vyote viwili. Hilo ni jambo jema. Mnyama mgonjwa ana haki ya kutibiwa, na maziwa ya ng'ombe mgonjwa asiyetibiwa hayana faida kwa mtu yeyote. Lakini dawa haipotei siku ile ile. Huendelea kutoka katika maziwa kwa siku kadhaa, na ndiyo maana lebo ya kila dawa ya mifugo iliyosajiliwa hutaja muda wa kusubiri, yaani siku ambazo maziwa hayapaswi kuuzwa wala kunywewa baada ya dozi ya mwisho. Dawa moja huwa na muda wa siku chache, nyingine wiki nzima, na kwa nyama muda huo mara nyingi ni mrefu zaidi ya ule wa maziwa.

Sasa mtazameni mfugaji mwenye ng'ombe mmoja anayetoa lita 10 kwa siku. Akisubiri siku 5, amepoteza lita 50, na ada ya shule haisubiri. Hatumtetei anayeuza maziwa yenye dawa. Tunasema tu kwamba kishawishi chake ni cha kweli, na kwamba utaratibu wowote wa upimaji unaomchukulia mfugaji kuwa mhalifu tangu mwanzo humfundisha kuficha.

Kiasi tunachokizungumzia ni kidogo kuliko watu wengi wanavyofikiri. Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya kimataifa vya chakula chini ya FAO na WHO, imeweka ukomo wa penisilini katika maziwa kuwa mikrogramu 4 kwa kilo. Kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini ukomo ni mikrogramu 100 kwa lita. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hiyo gramu moja tu ya penisilini, ikisambazwa sawasawa, inatosha kuyafikisha kwenye ukomo maziwa ya malori 25, kila moja likiwa na lita 10,000. Tuseme kwa kipimo cha kijijini: tangi la kupozea lenye lita 1,000 hufikia ukomo kwa miligramu 4, ilhali mrija mmoja wa dawa ya kiwele unaweza kuwa na miligramu 200. Ndiyo kusema kwamba maziwa ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa jana yanaweza kuharibu maziwa ya kijiji kizima, na waliosubiri kwa uaminifu wakapata hasara pamoja na asiyesubiri.

Je, mlaji anadhurika vipi? Hapa tunaomba tusitiane hofu isiyo na sababu. Mtu mzima aliyekunywa glasi ya maziwa yenye masalia madogo hataanguka. Wako wachache wenye mzio wa penisilini ambao kwao hata kiasi kidogo kinaweza kuleta vipele au shida kubwa zaidi, na hao wanastahili kulindwa. Lakini hatari kubwa ni ya polepole na ni yetu sote: bakteria wanaokutana na dawa hafifu, isiyotosha kuwaua, hupata nafasi ya kuizoea. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikadiriwa kuwa chanzo cha moja kwa moja cha vifo milioni 1.27 duniani kwa mwaka 2019 pekee. Sehemu kubwa ya tatizo hilo hutokana na jinsi sisi wanadamu tunavyomeza dawa bila cheti na kuziacha katikati; itakuwa unafiki kumtupia lawama zote ng'ombe. Hata hivyo njia ya chakula ipo, na ni mojawapo ya njia tunazoweza kuziziba.

Swali tunaloulizwa kila mahali ni hili: si tunachemsha? Kuchemsha ni lazima. Kuchemsha huua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu naye huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Lakini dawa si kijidudu. Penisilini na dawa nyingine nyingi huvumilia moto wa jikoni kiasi cha kubaki sehemu kubwa ndani ya sufuria. Tena dawa hizi hazina rangi inayoonekana katika maziwa kwa viwango hivyo, hazina harufu, hazina ladha. Laktomita, kile kipimo kinachoelea ambacho wachuuzi wengi wanacho, hutambua maji yaliyoongezwa; kwa dawa hakisemi lolote.

Wa kwanza kulalamika duniani hawakuwa madaktari. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, ikaanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940, na haikuchukua muda ikaingia katika viwele vya ng'ombe wa Ulaya na Marekani. Ndipo watengenezaji wa jibini na mtindi wakaanza kuona maziwa yao yanakataa kuganda. Bakteria wema wanaochachusha maziwa walikuwa wanauawa na dawa. Kina mama wetu wanaogandisha maziwa nyumbani wanaweza kulitambua jambo hili: maziwa yamewekwa mahali penye joto, chombo ni safi, mbegu ya mtindi ni nzima, siku ya pili inapita na maziwa bado ni maji. Hiyo ni dalili inayostahili kuulizwa, ingawa haithibitishi kitu. Baridi ya Njombe mwezi Julai hufanya vivyo hivyo, na sabuni iliyobaki kwenye dumu pia, na wapo wasio waaminifu wanaotia kemikali ili maziwa yasichache. Wala maziwa yaliyoganda vizuri si ushahidi wa usafi, kwa sababu zipo dawa ambazo bakteria wa mtindi huzistahimili.

Kipimo cha kwanza cha maabara kilitokana na uzoefu huo huo. Huchukuliwa kijichupa chenye vijidudu wasio na madhara, wanaopenda joto kali na wanaozimwa upesi na antibiotiki, pamoja na chakula chao na rangi ya zambarau. Matone machache ya maziwa hudondoshwa humo, na chupa huwekwa kwenye joto la nyuzi 64 hivi kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Vijidudu wakistawi, hutoa asidi na rangi hugeuka njano: maziwa ni salama kwa upande wa dawa. Rangi ikibaki zambarau, kuna kitu kimewazuia. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na huona jamii nyingi za dawa kwa pamoja. Kasoro yake ni muda, kwani lori haliwezi kusimama saa tatu juani. Tena wakati mwingine hudanganywa na maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni au mwenye kiwele kibovu, ambayo yana kinga zake za asili za kuzuia bakteria.

Ndipo ukaja ukanda wa haraka, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndio mnaoweza kuukuta katika kituo cha kukusanyia maziwa. Unafanana na kipimo cha malaria au cha ujauzito. Ndani yake mna vipokezi, yaani protini zilizoumbwa kuishika dawa ya aina fulani, zikiwa zimebandikwa kwenye chembe ndogo sana za dhahabu zinazoonekana nyekundu. Maziwa huchanganywa na vipokezi hivyo, kisha hupanda ukanda kama mafuta yanavyopanda utambi. Kama maziwa hayana dawa, vipokezi vina mikono mitupu. Vinapofika kwenye mstari wa kipimo hunasa hapo, na mstari mwekundu hutokea. Kama dawa imo, vipokezi vimekwisha kuishika, havina nafasi ya kunasa, hupita, na mstari hufifia au hautokei kabisa.

Tafadhali shikeni tofauti hiyo, maana inawachanganya hata watu wenye elimu. Kwenye kipimo cha malaria, mstari wa pili ukitokea, ugonjwa upo. Kwenye ukanda wa maziwa tunaouzungumzia, mstari wa kipimo ukikosekana ndipo dawa ipo. Pembeni kuna mstari mwingine wa kulinganishia, unaotakiwa kuonekana daima. Huo usipotokea, ukanda umeharibika na jibu lake halifai. Mchuuzi akikuonesha ukanda wenye mstari mmoja tu na kusema kwa furaha kuwa maziwa yake hayana ugonjwa, mwombe akueleze mstari huo ni upi.

Ukanda hutoa jibu kwa dakika chache, na hiyo ndiyo thamani yake kubwa. Nchini Marekani kila lori la maziwa mabichi hupimwa dawa za jamii ya penisilini kabla ya kushusha. Likishindwa, maziwa yote hukataliwa, na sampuli zilizochukuliwa katika kila shamba hutumika kumtafuta aliyesababisha, ambaye hauzi tena hadi maziwa yake yathibitike kuwa safi. Kinachotuvutia sisi katika utaratibu huo ni zile sampuli za shamba kuliko kifaa chenyewe. Kipimo bila kumbukumbu ya nani alileta nini kingeishia kumwaga maziwa tu.

Baada ya ukanda, watafiti wanaendelea na vihisi vya umeme. Wengi wenu mnakifahamu kifaa cha kupima sukari, ambacho tone la damu huzalisha mkondo mdogo wa umeme na namba ikatokea. Kihisi cha antibiotiki hufuata wazo hilo: juu ya kipande cha kaboni au dhahabu hubandikwa kingamwili, au vipande vya DNA vilivyochaguliwa kwa sababu hujikunja na kuishika dawa moja mahsusi. Dawa inaponaswa, umeme hubadilika, na mabadiliko hayo husomwa. Vingine husoma rangi kwa kutumia kamera ya simu, ili macho ya mpimaji aliyechoka yasiwe mwamuzi wa mwisho. Katika maabara vihisi hivi vimeweza kuona viwango vilivyo chini kabisa ya ukomo wa kisheria. Tatizo hujitokeza nje ya maabara. Maziwa yana mafuta na protini zinazokwama juu ya kihisi. Joto la Dodoma si joto la chumba cha utafiti. Na kifaa kilichofanya kazi kwa maji safi yaliyotiwa dawa kwa makusudi huweza kuyumba kikikutana na maziwa halisi. Kwa sababu hiyo tunawaasa msinunue kifaa cha nyumbani kinachotangazwa kwenye mitandao kuwa kinaona dawa zote katika vyakula vyote. Hakuna kihisi cha namna hiyo. Kila ukanda huona jamii za dawa zilizoandikwa kwenye pakiti yake na si nyingine. Uliotengenezwa kwa ajili ya penisilini utaupitisha mtungi uliojaa dawa za salfa bila kutikisika.

Neno "yamepimwa" halitoshi, basi. Yamepimwa nini, na wapi? Kwa maoni yetu, mahali panapofaa ni kituoni, kabla dumu la mfugaji halijamiminwa ndani ya tangi la pamoja. Bei ya ukanda mmoja ni sawa na bei ya lita kadhaa za maziwa, kwa hiyo hatuwezi kumtaka mnunuzi wa nusu lita apime, wala mchuuzi apime kila dumu. Kituo kinaweza kupima mchanganyiko wa madumu machache, na yakishindwa kikarudi kupima moja moja. Nanyi mnaweza kumuuliza mwenye duka au mchuuzi wenu: maziwa haya yanatoka kituo gani, au kwa mfugaji gani? Kituo hupima dawa, au hupima maji na uchachu peke yake? Ukanda huhifadhiwa kwenye jokofu kama pakiti inavyoagiza? Ng'ombe akitibiwa, maziwa yake huenda wapi? Swali hili la mwisho ndilo linalofichua mengi. Mchuuzi anayejibu bila kusita kwamba juzi alikosa dumu moja kwa sababu ng'ombe wa fulani yuko kwenye dawa ni mchuuzi wa kushikamana naye, hata kama siku hiyo mlikosa maziwa ya chai.

Kama mnanunua moja kwa moja kwa jirani, jambo linakuwa rahisi zaidi na gumu zaidi. Rahisi, kwa kuwa mnaweza kumwona ng'ombe. Gumu, kwa kuwa mnaoneana haya. Baadhi ya familia zimepatana na mfugaji kwamba siku za dawa watamlipa sehemu ya fedha bila kuchukua maziwa. Hatuwezi kuliagiza jambo hilo, lakini tunaliona kuwa la busara kuliko kununua ukimya wake.

Kwa mayai na kuku, hali ni tofauti kidogo. Dawa nyingi huchanganywa kwenye maji ya kunywa ya banda zima, wagonjwa na wazima pamoja, na kuku wanaweza kuchinjwa wiki ile ile. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na mwaka 2017 WHO ilishauri wafugaji duniani waache kuwapa wanyama wazima dawa hizo kwa ajili ya kuwakuza au kuzuia magonjwa. Nyama haipimiki kwa urahisi wa maziwa: lazima isagwe na dawa ichujwe kwanza, kwa hiyo kazi hiyo hubaki machinjioni na maabara. Ipo pia dawa iitwayo kloramfenikoli, isiyoruhusiwa kabisa kwa wanyama wa chakula kwa kuwa kwa watu wachache huweza kuzima utengenezaji wa damu mwilini. Kwa dawa hiyo hakuna ukomo salama uliowekwa; ndiyo maana Ulaya mwaka 2002 ilizuia mazao ya wanyama kutoka China baada ya kuikuta katika uduvi.

Na maji? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulipima dawa mbalimbali katika mito 258 ya nchi 104, na miongoni mwa sehemu zilizoonekana kuchafuka zaidi ni Lahore, La Paz na Addis Ababa. Karibu na Hyderabad nchini India, watafiti mwaka 2007 walikuta maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya viwanda vya dawa yakiwa na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, kiasi kinachozidi kile kilichomo katika damu ya mgonjwa anayetibiwa kwa dawa hiyo. Maji ya bomba ni habari nyingine. Huko viwango vinavyopatikana kwa kawaida ni vidogo mno, na WHO mwaka 2012 ilieleza kuwa madhara kwa afya kutokana na viwango hivyo hayatarajiwi. Vihisi vya maji kwa hiyo vina kazi zaidi kwenye mifereji ya majitaka ya hospitali, viwanda na mashamba kuliko kwenye bomba la jikoni kwako. Ninyi kwa upande wenu mnaweza kuepuka kutupa vidonge vilivyokwisha muda chooni au mtoni; ulizeni katika duka la dawa au kituo cha afya mahali pa kuvirudisha.

Mkiwa na shaka juu ya maziwa au chakula kingine, hifadhini sampuli kwenye chombo safi ndani ya friji, andikeni siku, saa na jina la mliponunua, na mtoe taarifa kwa afisa mifugo au afisa afya wa kata, au katika ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania iliyo karibu nanyi, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Ukanda ukishindwa, matokeo hayo hayatoshi kumhukumu mtu. Sampuli huthibitishwa maabara kwa mashine inayotambua dawa kwa jina na kutaja kiasi chake.

Mzazi mmoja alituuliza kama aache kumpa mtoto maziwa hadi vipimo vienee nchi nzima. Hapana. Mtoto anahitaji maziwa, na faida yake ni kubwa kuliko hofu tuliyoizungumza leo. Yachemsheni, nunueni kwa mtu mnayeweza kumuuliza, na mkimwona mfugaji akimwaga maziwa yake kwa sababu ya dawa, msimcheke.

Sasa tuko tayari kupokea maswali yenu.